Baa 1,300 za nini, na faili haifunguki?

Haya wasomaji, leo tuache kidogo mambo ya simu na wavuti. Kuna jambo limenikera wiki mbili sasa, na nisipoliandika nitapasuka.

Rafiki yangu mmoja tuliyekuwa naye chuoni, yeye akisoma kemia na mimi sayansi ya kompyuta, anafanya kazi katika maabara ya kupima vyakula. Sitaitaja, usiniulize. Maabara hiyo ina spektrometa ya masi na sasa imepata pesa za kununua HPLC mpya ya kuiweka mbele yake. Akanitumia rasimu ya zabuni niitazame "upande wa kompyuta tu". Nikaifungua. Kurasa kumi na nne. Shinikizo la pampu limetajwa mara tisa. Kompyuta imetajwa mara moja, hivi: "pamoja na tarakilishi na printa". Programu gani? Faili za aina gani? Mashine ipi inaiamuru nyingine? Hakuna hata mstari mmoja.

Nikampigia simu. "Ndugu yangu, hii ni zabuni ya mashine ya kupima sumu au ya pampu ya kuoshea magari?" Akacheka, kisha akaniambia ukweli: vipimo vile vilinakiliwa kutoka kwenye brosha ya muuzaji. Ndio maana ninaandika.

Kwanza kwa wale ambao kemia waliiacha kidato cha pili. HPLC ni mashine ya kutenganisha. Unachukua maji ya unga wa mahindi, unayadunga kwenye mkondo wa kimiminika unaosukumwa na pampu, mkondo unapita ndani ya kijibomba cha chuma kiitwacho kolamu, chenye urefu wa kidole au kiganja, kilichoshindiliwa chembe ndogo mno za silika. Kila kitu kilichomo kwenye sampuli hushikana na chembe hizo kwa nguvu yake, kwa hiyo vitu havitoki pamoja. Kimoja hutoka dakika ya tatu, kingine ya nne. Spektrometa ya masi inakaa mwishoni, inapokea kinachotoka, inakigeuza kuwa mvuke wenye chaji ya umeme na kukipima uzito, molekuli kwa molekuli. Ile hila ya kunyunyiza kimiminika kwa umeme ndiyo iliyompa John Fenn sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 2002. Kabla ya hapo kuunganisha mashine hizi mbili kulikuwa ndoa ya kulazimisha: moja inamwaga maji, nyingine inataka ombwe.

Mtu atauliza, kama spektrometa inajua kupima uzito, kutenganisha ni kwa nini? Chukua sumukuvu. Aflatoksini B1 huonekana kwenye spektrometa ikiwa na uzito wa 313. B2 ni 315. Lakini sehemu ndogo ya molekuli za B1 zina atomi nzito za kaboni au oksijeni, nazo pia husoma 315. Bila HPLC mbele, B1 nyingi inaweza kujifanya B2. Halafu kuna mafuta na wanga wa mahindi yenyewe, ambayo yakiingia pamoja na sumu huifunika isionekane. Kwa hiyo HPLC ndiyo mlinda mlango.

Na sumukuvu si mchezo hapa kwetu. Mwaka wa 2004, hasa katika Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa kula mahindi yenye aflatoksini. Kiwango kinachoruhusiwa Kenya ni sehemu 10 kwa bilioni kwa jumla, na 5 kwa B1 peke yake. Mnamo Machi 2021 serikali ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo, na siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti, likiwemo cheti cha kuonyesha sumukuvu iko chini ya 10. Cheti kinatoka wapi? Kutoka maabara. Kwa hiyo tunapochagua mashine hizi tunachagua ni nani ataamini karatasi ya nani. (Kwa haki, kama unatafuta aflatoksini peke yake, HPLC yenye kitambuzi cha mng'ao inatosha kabisa na ni nafuu. Spektrometa inakuja pale unapotaka aflatoksini, fumonisini, okratoksini na wenzao wote kwa mpigo mmoja.)

Sasa turudi kwa hizo baa. Si baa za River Road, ni kipimo cha shinikizo. HPLC ya kawaida ya zamani ilifika baa 400. Mwaka wa 2004 kampuni ya Waters ilitoa mashine ya baa karibu 1,000, wengine wakafuata, na leo zipo za 1,300 na hata 1,500. Shinikizo lilipanda kwa sababu chembe za kolamu zilipungua: kutoka maikroni 5 hadi 1.7. Chembe ndogo hutenganisha vizuri zaidi, lakini zinabana. Shinikizo hupanda kwa mraba wa udogo wa chembe, yaani 5 gawanya kwa 1.7, kisha mraba, unapata karibu mara 9 kwa kolamu ya urefu ule ule na mwendo ule ule. Hesabu hiyo ni ya kweli na siipingi.

Ninachopinga ni kuifanya ndiyo hesabu pekee. Tangu kati ya miaka ya 2000 kuna kolamu zenye chembe za maikroni 2.7 zilizo na kiini kigumu na ganda jembamba la vinyweleo. Zinatenganisha karibu sawa na zile za 1.7, kwa shinikizo lililo chini kama mara mbili na nusu. Pampu ya baa 600 inaziendesha bila jasho. Nikamuuliza rafiki yangu kolamu wanayotumia kwa mahindi. Akasema ni hiyo hiyo ya 2.7. Na shinikizo likiwa juu kabisa? Baa 380. Sasa baa 1,300 ni za nini, jamani? Ni kama kununua gari la mashindano la kwenda nalo sokoni Gikomba.

Kuna kitu kibaya zaidi. Kolamu za kasi hutoa vilele vyembamba, sumu moja inapita kwa sekunde 3 tu. Spektrometa yao ni ya zamani kidogo na inasikiliza molekuli kwa zamu. Rafiki yangu ana mipito 40 ya kupima, kila mmoja milisekunde 50. Zidisha: sekunde 2 kwa mzunguko mmoja. Kilele cha sekunde 3 kitapata nukta moja au mbili. Wakemia hutaka nukta 12 au zaidi ili waweze kupima eneo la kilele kwa uaminifu. Nyinyi mliosoma ishara na mifumo mnaona tatizo mara moja. Ni kama kuhesabu matatu za Thika Road kwa kamera inayopiga picha moja kila baada ya dakika tano. Ndiyo, programu inaweza kupangiwa isikilize kila sumu kwa dakika yake tu, na hilo husaidia sana. Lakini basi kwanza uliza spektrometa yako ina kasi gani, ndipo uchague pampu. Wao walianza na pampu.

Vivyo hivyo ujazo wa kuchelewa. Haya ni maji yaliyo kati ya mahali viyeyushi vinapochanganyika na mwanzo wa kolamu. Kolamu nene ya milimita 4.6 hunywa mililita 1 kwa dakika. Kwa spektrometa watu hutumia nyembamba ya 2.1, mililita 0.3 hivi, kwa sababu yule mnyunyizio hapendi mafuriko. Ukiwa na pampu yenye mililita 1 ya kuchelewa, kwenye kolamu nene unasubiri dakika moja mchanganyiko mpya ufike. Kwenye nyembamba unasubiri dakika tatu na sekunde 20. Kila sampuli! Namba hiyo ni muhimu kuliko shinikizo, na kwenye brosha ilikuwa ukurasa wa 31, kwa maandishi ya mchwa. Kolamu nyembamba pia inaokoa kiyeyushi: mililita 1 kwa dakika ni karibu lita moja na nusu kwa siku, 0.3 haifiki nusu lita. Waliokuwa maabarani mwaka wa 2008 na 2009 wanakumbuka asetonitrili ilivyoadimika duniani na bei ikapaa.

Jambo jingine dogo: msikubali HPLC ya mtumba iliyozoea kutumia chumvi za fosfeti au trietilamini, hata mkipewa bure. Fosfeti haigeuki mvuke, inaganda mdomoni mwa spektrometa. Trietilamini inakaa kwenye mabomba na kuonekana kwenye kila kipimo kwa wiki kadhaa. Kwa spektrometa ni asidi ya fomiki, amonia na vitu vinavyopaa, basi.

Lakini hayo yote ni ya wakemia na wanaweza kunisahihisha. Sasa niingie uwanjani kwangu.

Miaka miwili iliyopita nilipata kibarua kwenye maabara nyingine. Walikuwa na mashine ya mchanganyiko: pampu ya kampuni moja, kidunga sampuli na spektrometa za kampuni nyingine. Pampu haikuongozwa na programu ya spektrometa. Ziliunganishwa kwa waya mbili tu zinazogusana kwa nusu sekunde: "anza". Hiyo ndiyo lugha yote iliyokuwepo baina yao. Hakuna "niko tayari", hakuna "nimekwama", hakuna "maji yanavuja". Nyinyi mnaoandika programu mnaniambia mngekubali mfumo wa namna hiyo? Unatuma ombi, hupati jibu, unaendelea kana kwamba jibu lilikuwa ndiyo.

Usiku mmoja waliweka sampuli 60, dakika 12 kila moja, kuanzia saa tatu unusu. Saa nane usiku, baada ya sampuli ya 23, pampu ilihisi uvujaji ikajizima, kama ilivyotakiwa. Haikuwa na njia ya kumwambia mtu. Kidunga kiliendelea kudunga. Spektrometa iliendelea kurekodi hadi saa tatu unusu asubuhi. Faili 37, zote zina majina mazuri, tarehe sahihi, na ndani yake hamna kitu.

Sasa fikiria programu inasemaje kuhusu faili isiyo na kitu. Inasema aflatoksini "haikugunduliwa". Yaani mahindi ni safi! Kilichowaokoa ni kwamba walikuwa wanatia kwenye kila sampuli kiasi kinachojulikana cha aflatoksini B1 iliyotengenezwa kwa kaboni nzito, atomi zote 17, ambayo husoma 330 badala ya 313. Mchambuzi aliona kwamba hata ile ya 330 haipo, akashtuka. Maabara inayobana matumizi na kuiacha ile ya kaboni nzito ingetoa vyeti 37 vya mahindi safi, na hakuna mtu ambaye angedanganya.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa muuzaji yeyote wa HPLC si shinikizo. Ni hili: programu ya spektrometa yangu inaiongoza pampu yako kikamilifu? Inasoma shinikizo lake kila sekunde na kuliandika ndani ya faili ile ile? Pampu ikizima, kila kitu kinasimama? Kama jibu ni "tutaweka waya", mwambie asante, kwaheri.

Hapo muuzaji anayeuza vyote viwili anatabasamu. "Ndio maana ununue kila kitu kwetu." Na wengi husema hivyo kwa nia njema: ukiwa na kampuni moja, kukiharibika kitu hakuna wa kurushiana lawama. Hoja hiyo ina uzito, nimeona mafundi wa kampuni mbili wakisimama mbele ya mashine moja kila mmoja akimwonyesha mwenzake kidole. Lakini si kweli kwamba ni lazima. Kampuni kadhaa za spektrometa zina viendeshi vya kuongoza HPLC za wapinzani wao. Kinachotakiwa ni kuuliza ni modeli gani, na toleo gani la programu, na kuandikiwa. Ukiambiwa "inawezekana" bila namba ya toleo, hujaambiwa kitu.

Na kampuni moja ikiuza vyote, ndipo gereza la pili linapoanza: faili.

Thermo huhifadhi faili za .raw. Waters nao wana .raw, ila yao ni folda na haihusiani hata kidogo na ya Thermo. Agilent na Bruker wote wana folda za .d, kila mmoja na zake. SCIEX wana .wiff. Zote ni jozi za sifuri na moja zilizofungwa, bila maelezo ya wazi ya muundo wake. Data ni yako, umeilipia kwa kiyeyushi, umeme na usiku wa watu, lakini ufunguo uko kwa mwingine.

Nimeona inavyoisha. Maabara hiyo hiyo ilikuwa na matokeo ya zamani kwenye tarakilishi ya Windows XP. Microsoft iliacha kuitunza XP tarehe 8 Aprili 2014, lakini programu ya mashine haikukubali Windows nyingine bila kununua toleo jipya, na toleo jipya halikuijua mashine ya zamani. Basi XP ikabaki, ikachomolewa kwenye mtandao kwa kuogopa virusi, na data ikawa inasafiri kwa flashi, ambayo ndiyo njia ya virusi yenyewe. Siku diski kuu ilipoanza kulia kama panya niliitwa. Faili nilizitoa zote. Kuzifungua sasa! Leseni ilikuwa imefungwa kwenye ufunguo wa USB, na ufunguo hakuna aliyejua uko wapi. Muuzaji akatuma ankara ya leseni mpya. Sitataja bei, mtalia.

Na msidhani hayo ni ya zamani. Windows 7 iliachwa Januari 2020, Windows 10 ikaachwa tarehe 14 Oktoba 2025. HPLC ikitunzwa huishi miaka 15. Hesabu mwenyewe itazika Windows ngapi.

Dawa ipo, tena ni huria. Mwaka wa 2004 ulitoka muundo wa mzXML, na mwaka wa 2008 ukatoka mzML, uliokubaliwa na jumuiya ya kimataifa ya wanaopima protini na sasa unatumiwa na wapimaji wa kila aina. Mimi kama mwandishi wa programu nina manung'uniko: ni XML yenye namba zilizokunjwa kwa base64, faili inanenepa kama mandazi. Lakini inafunguka! Python inaisoma, R inaisoma, na hata vyote viwili vikifa utaisoma kwa msimbo wa jioni moja, kwa sababu muundo wake uko wazi kwa kila mtu. Kifaa cha kugeuza kinaitwa msconvert, kimo ndani ya ProteoWizard, programu huria. Kasoro yake ni kwamba ili kusoma faili za wauzaji kinahitaji maktaba zao za Windows, kwa hiyo kwenye Linux unazungukazunguka na Wine. Pia mgeuzo hauchukui kila kitu. Mipangilio ya pampu mara nyingi hubaki nyuma. Kwa hiyo faili asili usizitupe kamwe, weka zote mbili.

Rafiki yangu alinipinga hapa, na alinipinga vizuri. Alisema maabara yao ina ithibati ya ISO/IEC 17025, mkaguzi anataka kuona nani alibadilisha nini na lini, na programu ya muuzaji inatunza kumbukumbu hiyo. "Ukianza kugeuza faili na vijiprogramu vyako, mkaguzi atatufukuza." Nikamjibu kwamba simwambii atoe vyeti kwa vijiprogramu vyangu. Cheti kitoke kwenye programu iliyothibitishwa. Nakala ya mzML ni ya siku ile programu hiyo haipo tena, na mtu anauliza cheti cha mwaka wa 2026 kilitokana na nini. Mkaguzi anayejali kumbukumbu anapaswa kulipenda hilo kuliko mimi.

Basi tukakaa Jumamosi moja tukaandika upya ukurasa wa tatu wa zabuni. Shinikizo tuliliacha kwenye baa 600 "au zaidi", likawa mstari mmoja. Tukaongeza ujazo wa kuchelewa usiozidi mililita 0.4. Tukaongeza kwamba pampu, kidunga na joto la kolamu viongozwe na programu ya spektrometa iliyopo, toleo litajwe, na kosa la kifaa kimoja lisimamishe vyote. Tukaongeza kwamba muuzaji aonyeshe faili yake ikigeuzwa kuwa mzML mbele yetu, na kwamba leseni ya kusoma data za zamani isiwe na mwisho. Na diski ya kusakinishia ikabidhiwe maabara. Mnaona ni mambo ya kawaida kabisa, hakuna mapinduzi hapo.

Mkuu wa maabara alisoma, akauliza swali moja tu: "Mbona mmeshusha baa?" Rafiki yangu akamwonyesha ile 380. Mzee akanyamaza, akatia sahihi.

Maonyesho ya wauzaji ni Alhamisi ijayo. Nimealikwa, upande wa kompyuta tu. Nitaenda na kipakatalishi changu cha Linux, flashi tupu, na unga wa mahindi nusu kilo kutoka jikoni kwangu. Nitaomba wapime, wanipe faili, niifungue pale pale mezani.